Ndoa mseto: "nyumbani" ni wapi?

Ndoa mseto ni ndoa ya watu waliolelewa katika mila tofauti, iwe kabila, dini au nchi. Dodoma zipo tangu zamani, ila tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, mitaa kama Kisasa na Nzuguni imejaa watumishi wa kila kona, na harusi zikafuata.

Wengi hudhani ugumu wake ni lugha. Wapi! Wenyewe wanaongea Kiswahili asubuhi hadi usiku. Kinachowaponza ni neno moja la Kiswahili kubeba mzigo wa watu wawili.

Nina majirani, mume Mgogo wa Kibakwe, mke Mluguru wa Matombo. Mke alisema, "Mwezi huu tusisahau nyumbani." Mume akaitikia, akamtumia baba yake hela ya gunia la mahindi, maana mvua za huku ni msimu mmoja na zilikuwa zimekatika. Kumbe mke alimaanisha kwa mama yake, paa linavuja. Wiki nzima mlenda uliliwa kimyakimya.

Hayo ndiyo mahitaji kinzani: haja mbili, zote halali, zinagombea mshahara mmoja. Ukianza kutafuta mkorofi hapo humpati.

Kwa mtoto ndiyo pazito zaidi. Kwa Wagogo ukoo unafuata baba, na mahari ya ng'ombe inahesabiwa hivyo. Waluguru kwa jadi hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana sauti. Kwa hiyo mjomba akipiga simu kuuliza mtoto anasoma wapi, baba anaona anaingiliwa nyumbani kwake. Mama anaona kaka yake anatimiza wajibu, na asingepiga ndipo angeingiwa na wasiwasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mahari isipolipwa ndoa haibatiliki. Mjomba apige simu mara ngapi, hilo haisemi.

Wale majirani hawakuhitaji semina. Waliacha tu kusema "nyumbani". Sasa mke anasema, "Kwa mama, bati sita." Mume anasema, "Kwa baba, gunia moja." Hela haitoshi vyote, na bado wanabishana, tena kwa sauti. Machi zilienda bati. Aprili likaenda gunia.