Madaktari wa kike, menta na mdhamini: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Hapa Amu, yaani Lamu, Kenya, tuna wasichana wanarudi na digrii za udaktari, mashallah, halafu miaka inapita wako pale pale. Nafikiri sababu kubwa ni mambo tunayoyaamini vibaya kuhusu menta na mdhamini.

Ati menta na mdhamini ni mtu mmoja. Sio. Menta ni yule unayemwendea shifti ikishakulemea, anakusikiza, anakwambia kesi ile ungeifanya hivi, masomo omba mwaka huu usingoje. Mdhamini anafanya kazi wewe ukiwa hupo, yuko kwenye kikao, nafasi imetajwa, anasema "mpeni daktari fulani, namjua kazi yake", na hapo ameiweka heshima yake mwenyewe rehani. Mwaka 2010 mtafiti Herminia Ibarra na wenzake waliandika kuhusu makampuni makubwa, wakaona wanawake wamepata ushauri hata kuwashinda wanaume, lakini waliopanda vyeo zaidi ni wanaume kwa sababu wao walikuwa na wakubwa wa kuwatetea.

Ati kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hii ndiyo inayoniuma zaidi manake tumelelewa nayo, mtoto wa kike asijinadi, kazi yake itaonekana tu. Haya, chukua kikao cha hospitali cha kupitia kifo cha mzazi, yaani mama aliyefariki kwa uzazi. Daktari kijana amekesha na lile faili, amepanga saa mama alipotoka Faza, saa boti ilipopatikana, saa alipoingia thieta, damu ilikuwepo au haikuwepo, kila kitu kiko kwenye mstari wake. Asubuhi anayesimama kusoma ni mwengine, na siku kaunti inatafuta mtu wa kuongoza mambo ya uzazi inamkumbuka aliyesimama. Pengine hakuna hata aliyekusudia ubaya. Mdhamini hapo angesema maneno machache tu, "hii kaifanya yeye, aisome yeye", basi. Shirika la Afya Duniani lilisema 2019 kwamba wanawake ni kama asilimia 70 ya wafanyikazi wa afya na huduma za jamii duniani lakini vyeo vya juu wameshika asilimia 25, sasa kama kizuri chajiuza hesabu hiyo imetoka wapi?

Ati lazima awe mwanamke mwenzako. Akiwepo tutashukuru, lakini wenye viti wengi bado ni wanaume na ukingoja utangoja sana. Najua mji huu, watu watasema, na heshima ya mtoto wa watu si kitu cha kuchezea, kwa hivo ifanywe wazi: ofisini, mchana, mlango haukufungwa, wanafunzwa wawili watatu pamoja, na mkuu awataje mbele za watu. Akianza kutaka mambo mengine huyo si mdhamini tena, ondoka na umripoti. Na msimpite nesi mkuu wa wodi, ameona wakubwa wangapi wakija na kuondoka, yeye anajua nani akisema anasikizwa.

Ati kudhaminiwa ni kubebwa. Kubebwa ni kumpa mtu kazi asiyoiweza. Tangu 2013 hospitali zetu ziko chini ya kaunti, na udaktari bingwa ni miaka 4 au 5 ya kwenda kusoma mbali, Nairobi au Eldoret, kwa hivo likizo ya masomo inataka idara yako ikupendekeze. Wavulana wanapendekezwa kila siku na hakuna anayeita kubebwa.

Ati akishaolewa, akishazaa, ndio basi. Sheria ya Ajira ya 2007 imempa miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyesha. Shida ni ile huruma ya mkuu anayesema "tusimsumbue, ana mtoto mdogo", anaona amefanya wema, jina linarukwa na mwenyewe hana habari. Muulizeni jamani. Kuna atakayesema sio sasa, na kuna mwengine nyumbani ana mamake na mashangazi tele, mtoto hakosi mkono wa kumshika, na hiyo nafasi anaitaka leo.