Kabla ya kununua inveta yenye chaja, tazama pampu

Wanaojenga mbali na nguzo za TANESCO huniuliza swali lilelile: "Fundi, nichukue inveta ya KVA ngapi?" Inveta ni kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, na yenye chaja huijaza betri pia; KVA ni kipimo cha ukubwa wake. Nami huwauliza: una mota gani hapo nyumbani? Taa, simu na televisheni hazijawahi kuniumiza kichwa. Mota ndiyo inayoamua.

Chukua nyumba ya shamba upande wa Pangani. Taa kumi za LED zinakula wati 70, feni tatu 180, friji 120 kompresa ikiwa kazini, televisheni na vikorokoro vingine 130. Jumla ni wati 500. Ongeza pampu ya kisima yenye nguvu ya farasi moja, inayovuta kama wati 1,100 ikizunguka. Jumla yote inakuwa 1,600, na mwenye nyumba anaona inveta ya wati 2,000 inatosha na chenji inabaki.

Haitoshi. Mota ya pampu hiyo ikishazunguka inavuta ampia 5 hadi 6, lakini sekunde ile ya kuanza inadai mara nne hadi sita ya hapo. Ampia 25 au 30 kwenye volti 230 ni KVA 6 hadi 7. Inveta ndogo itazima, nyumba nzima itaingia giza, na ukirudia kila siku utaiua. Kwa hiyo usisome namba kubwa iliyoandikwa ubavuni tu. Tafuta kwenye karatasi ya vipimo uwezo wa kilele, yaani nguvu ya juu kabisa inayotolewa kwa muda mfupi, na unadumu kwa sekunde ngapi. Inveta nzito zenye transfoma kubwa huvumilia mwanzo wa mota vizuri kuliko zile nyepesi za bei nafuu, na uzito wenyewe unaupata ukiinyanyua.

KVA (VA 1,000) pia si kilowati (wati 1,000). Inveta ya Victron MultiPlus-II ya 48/5000, yaani ya betri za volti 48, imeandikwa VA 5,000, lakini kwenye nyuzi joto 25 inatoa wati 4,000, na kwenye nyuzi 40 inashuka hadi 3,700. Stoo ya ukanda wa pwani chini ya bati, saa nane mchana, inafika nyuzi 40 bila shida. Kilele chake ni wati 9,000, na hicho ndicho kinachoiwasha pampu yetu. Ndugu yake ya 48/3000 ina kilele cha 5,500. Kwa pampu hii nisingeithubutu.

Lakini ushauri wangu wa kweli ni kuitoa pampu kwenye inveta kabisa. Ipe pampu ya sola yenye paneli zake, ipandishe maji mchana, na tangi lililo juu liwe betri yako ya maji. Hapo nyumba ile inaishi vizuri na inveta ya VA 3,000, na fedha zinazobaki zinaingia kwenye betri.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi ni umeme ambao inveta inakula yenyewe ikiwa imewashwa bila mzigo. Nzuri inakula wati 11 hadi 18. Nyingine zinakula 60. Wati 60 kwa saa 24 ni karibu uniti moja na nusu, wakati betri ya lithiamu ya volti 51.2 yenye Ah (ampia-saa) 100 inabeba uniti 5 tu. Zaidi ya robo ya betri inaishia kwenye joto la kifaa! Nikipewa inveta mbili za bei moja, namba hii ndiyo ninayoitazama kwanza.

Volti za betri hazina mjadala mrefu. Wati 4,000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampia 330, yaani nyaya nene kama kidole na viungo vinavyochemka. Kwenye volti 48 ni ampia 83. Ukivuka wati 2,000, achana na 12. Hakikisha pia mfumo wa ulinzi ulio ndani ya betri unaruhusu ampia za kilele, maana betri moja inayoruhusu ampia 100 inaweza kukata umeme pampu inapoanza hata kama inveta ni kubwa.

Upande wa chaja, pima betri na jenereta pamoja. Betri za risasi za Ah 200 zinataka ampia 20 hadi 40. Ukizisukumia 70 utazichemsha. Na chaja ya ampia 70 kwenye mfumo wa volti 48 inavuta zaidi ya wati 4,000 kutoka kwenye jenereta. Ukiwa na kijenereta cha KVA 3 kitazimika, au kitaungua taratibu. Inveta nzuri inakuruhusu kuweka kikomo cha ampia zinazoingia. Kwa jenereta hiyo ninaweka 9 au 10, na mzigo wa nyumba ukipanda chaja inajipunguza yenyewe.

Mwisho, usalama. Inveta ikifanya kazi peke yake, nyutro (waya wa kurudisha umeme) lazima iunganishwe na waya wa ardhi, la sivyo swichi ya kuzuia mtu kupigwa na umeme haitakata. Nyingi nzuri zina rilei (swichi inayojiendesha) ya kufanya hivyo, na hufungua muunganisho huo umeme wa jenereta unapoingia. Jenereta nyingi ndogo hazijaunganishwa nyutro na ardhi, kwa hiyo fundi aunganishe na kupima pande zote mbili: jenereta ikiwa imewashwa, kisha ikiwa imezimwa. Asipofanya vipimo vyote viwili, usimlipe salio lake.