Chumba Kinachorefuka: jumba moja la mizuka katika bustani tano za Disney

Mtu akikuambia ameingia jumba la mizuka katika bustani za burudani za Disney, ile kampuni ya Marekani ya filamu za katuni, muulize swali moja tu: kile chumba cha mwanzo kilimshusha au hakikumshusha? Akishindwa kujibu usimcheke. Kilijengwa ili asijue.

Mimi ni fundi wa taa za jukwaani, na jumba hili nalifuatilia kama wenzangu wanavyofuatilia timu ya mpira. Yako matano, ingawa la tano lina ubishi wake. La kwanza ni Haunted Mansion ya Disneyland, Anaheim, California, iliyofunguliwa tarehe 9 Agosti 1969. La Florida lilifunguliwa siku moja na bustani ya Magic Kingdom, tarehe 1 Oktoba 1971. Likafuata la Tokyo, 15 Aprili 1983, kisha Paris, 12 Aprili 1992, likiwa na jina jingine, Phantom Manor. La mwisho ni Mystic Manor ya Hong Kong, 17 Mei 2013. Nimeingia ya California, Florida na Paris. Hayo mawili mengine nimeyasoma jinsi fundi anavyosoma kazi ya fundi mwenzake, kwa video nyingi zilizorudiwa mpaka usiku wa manane.

Tuanze na hicho chumba. Mnaingizwa watu wengi kwa pamoja kwenye chumba cha pembe nane, mlango unajifunga, na sauti nzito isiyo na mwenyewe inawakejeli kwamba hakuna dirisha wala mlango wa kutokea. Ukutani kuna picha nne za watu wenye heshima zao. Mara kuta zinaanza kurefuka, na picha nazo zinarefuka, na kila moja inafichua kilichokuwa kimefichwa chini yake. Yule binti mpole mwenye mwavuli kumbe amesimama juu ya kamba, na chini yake mamba amepanua taya.

California, kinachotembea ni sakafu. Ile ni lifti, na dari imebaki palepale ilipokuwa. Nilipoingia mara ya pili sikuangalia picha hata moja. Nilichuchumaa nikaweka kiganja sakafuni, nikaisikia ikitetemeka kidogo, maana yake mimi ndiye niliyekuwa nashuka. Mke wangu alinivuta mkono, si kwa hofu ya mizuka bali kwa aibu.

Kwa nini lifti? Kwa sababu ya reli. Disneyland imezungukwa na tuta la udongo ambalo juu yake hupita treni ya bustani. Jumba lenyewe, lile zuri lenye nguzo nyeupe, liko ndani ya tuta. Lakini safari nzima isingeenea humo, kwa hiyo jengo kubwa la maonyesho likawekwa nje ya tuta. Sasa utawapitishaje watu bila wao kujua? Unawashusha kwa lifti, unawapitisha chini ya reli, wanatokea upande wa pili. Lifti ziko mbili, moja ikishuka nyingine inapakia. Ule ujia wa picha zinazobadilika kila radi inapopiga, ambao watu hupiga hatua polepole wakiushangaa, ndio njia yenyewe ya chini ya reli. Kitu kinachosifiwa kuliko vyote ndani ya jumba hili kilitokana na shida ya kuvuka barabara ya treni.

Florida hakukuwa na reli ya kupita chini yake, na ardhi ya kule ina maji karibu sana na uso. Hata zile njia za wafanyakazi za Magic Kingdom, ambazo wageni hudhani zimechimbwa, zilijengwa usawa wa ardhi na bustani ikawekwa juu yake. Kwa hiyo chumba cha Florida hakiendi popote. Sakafu imetulia, dari ndiyo inayopaa na kuta zinaifuata. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kwa magoti unaweza: California lifti inaposimama magoti hupokea uzito kidogo, Florida hayapokei kitu. Tokyo walichukua mtindo wa Florida. Paris, ambako jumba liko juu ya kilima, walirudi kwenye lifti.

Nikiulizwa kipi bora, nasema cha California bila kusita, na sababu yangu ni ya kifundi: ni kiini macho chenye kazi. Cha Florida ni kiini macho kitupu, ingawa kimefanywa kwa ustadi uleule.

Mwishoni taa zinazimika, radi inapiga, na juu ya dari unaona mtu amening'inia kitanzini. Hapo ndipo kazi yangu inapohusika. Dari ile ni kitambaa chembamba chenye matundu. Kimulike kutoka upande wa watazamaji nacho huonekana kigumu kama ukuta. Zima taa hiyo, washa iliyo nyuma yake, nacho kinatoweka. Aliyelala kwenye chandarua anaijua fizikia hii. Mmulike kwa tochi kutoka nje na utaona weupe wa neti tu, lakini taa ikiwaka ndani ya chandarua utamwona hadi anavyojikuna. Mtindo huu wapo nao wote wanaotumia chumba hiki, ila Paris aliye juu ya dari hakujitundika: kuna mwingine anayemtundika. Tutamfikia.

Baada ya chumba hicho unapanda kigari cheusi kilichofunika mgongo na mbavu zako kama gamba la kombe. Vigari vimeungana mnyororo mmoja usiosimama, na unapanda kupitia ukanda unaokwenda kwa mwendo uleule. Disney waliutumia mfumo huu kwanza mwaka 1967, kwenye safari nyingine ya Disneyland. Faida yake si wingi wa abiria tu. Kigari hugeuzwa, kwa hiyo mwongozaji ndiye anayeamua unatazama nini na kwa muda gani. Kwenye ukumbi wa maonyesho sijawahi kupewa nguvu hiyo. Mimi nikimulika mfalme, kuna mtu safu ya tatu anamtazama mpiga ngoma.

Halafu ukumbi wa dansi. Uko kwenye roshani, chini yako mizuka inacheza dansi, unawaona na unaona meza nyuma yao. Ujanja huu ulipata umaarufu London mwaka 1862 kwa mkono wa John Henry Pepper, mhadhiri wa sayansi. Kama umepanda basi la usiku la Mombasa kwenda Nairobi umeuona: taa za ndani zikiwashwa, uso wako unaelea kiooni juu ya vichaka vya Tsavo. Mbele ya roshani kuna vioo vikubwa mno, na wanasesere wa mizuka wako juu na chini ya njia ya vigari, mahali usipoweza kuwaona. Taa yao ikiwaka, kivuli chao kinatua ukumbini. Na kwa kuwa kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, watazame wachezaji vizuri: mwanamke ndiye anayemwongoza mwanamume.

Sehemu za nje zinatofautiana kwa sababu ya majirani. California jumba liko kwenye mtaa wa bustani ulioiga mji wa New Orleans, kwa hiyo lina roshani za chuma. Liling'arishwa rangi kwa amri ya Walt Disney, mwanzilishi wa kampuni, ambaye hakutaka jumba lililochakaa katika bustani yake. Nje tutunze sisi, alisema kwa maana hiyo, ndani waachieni mizuka. Lilikamilika kwa nje mwaka 1963 likakaa limefungwa miaka sita, kwani mafundi walikuwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, kisha Walt mwenyewe akafariki Desemba 1966. Florida liko kwenye mtaa wa Marekani ya enzi za ukoloni, kwa hiyo ni la matofali. Tokyo ni matofali hayohayo, lakini mtaa huo hawana, basi likawekwa Fantasyland, pamoja na ngano za watoto.

Paris ndiko walikovunja sheria ya Walt. Jumba limechakaa kwa makusudi, maana limo kwenye mji wa wachimba dhahabu wa Magharibi, na lina kisa kamili: tajiri wa mgodi Henry Ravenswood, binti yake Melanie anayesubiri harusi, na Mzuka anayehakikisha harusi hiyo haifungwi. Yule aliyetundikwa darini ni mchumba. Marekani safari huanza kwa upweke na kuishia kwa sherehe, kwa sababu wabunifu wawili, Claude Coats aliyetaka utulivu wa kutisha na Marc Davis aliyetaka vichekesho, waligawana nusu kwa nusu. Paris ilimpa Coats karibu yote. Muziki wa John Debney ni wa okestra nzito, na kicheko ni cha Vincent Price, mwigizaji wa filamu za kutisha. Masimulizi yake ya Kiingereza yaliondolewa mapema kupisha Kifaransa, na baadhi yakarudishwa ukarabati ulipomalizika Mei 2019. Mimi nalipenda, lakini kisa kikiwa na majina ya watu, nashindwa kujiona kama mgeni wa mizuka. Nabaki mtazamaji wa msiba wa familia nyingine.

Sasa Hong Kong, na ubishi. Mystic Manor haina mzuka hata mmoja. Ni nyumba ya Lord Henry Mystic, mkusanyaji wa vitu vya kale, na tumbili wake Albert anayefungua kisanduku cha muziki asichoruhusiwa kukigusa, na vitu vyote vikafufuka. Sababu inayotolewa ni heshima ya Wachina kwa wazee waliotangulia, na wenzangu wa Ulaya hupata taabu kuielewa kwa sababu mara nyingi hutumia neno moja. Sisi tunayo mawili. Mzuka ni kile kinachozuka gizani kikakushtua, na anayetaka kucheka naye acheke. Mzimu ana jina, ana ukoo, na pengine ana watu wanaompelekea ubani. California walijaza jumba kwa mizuka 999. Hong Kong waliogopa kwamba mgeni angeiona mizimu.

Kifundi ndilo lililo mbele zaidi. Vigari havina reli, vinatoka vinne vinne, vinatawanyika chumbani na kukutana tena kwenye muziki wa Danny Elfman. Na kwa vile hakuna reli wala tuta la kuvuka, hakuna chumba kinachorefuka. Ndiyo maana mashabiki wengi hawalihesabu. Mimi nalihesabu.

Ukienda California, baada ya lifti, simama katikati ya ule ujia wa picha na usikilize juu. Wengine watakuwa wanatazama radi. Wewe uko chini ya treni.