Fibula ya Kirumi si bruchi

Fibula ni bizimu la metali lililofungia vazi, kwa mtindo wa pini ya nepi: mwili uliopinda au bapa, pini, springi au bawaba inayoichezesha pini hiyo, na mdomo unaoipokea ncha. Maana yake ni hiyo tu. Kinachokera ni kuiona ikiandikwa "bruchi ya Kirumi", kana kwamba ni pambo tu la kubandika kwenye nguo, chini ya kila picha, tena wengine huongeza "ya kubania toga".

Toga haikubanwa na kitu. Lilikuwa shuka kubwa la sufu lililozungushwa mwilini, likashikiliwa na uzito na mikunjo yake lenyewe. Fibula ilifunga joho la askari, sagum, kwenye bega la kulia ili mkono wa kulia ubaki huru. Katika Britania na kandokando ya mto Rhine wanawake walivaa mbili, moja kila bega, zikishikilia gauni. Ukiivua bruchi, blauzi inabaki mahali pake. Ukiivua fibula, nguo inaanguka.

Neno lenyewe linasema hivyo. Limetoka kwenye Kilatini figere, kuchomeka na kukaza. Wanafunzi wa udaktari wanalijua kama jina la mfupa mwembamba wa mguu, ulio upande wa nje wa tibia, yaani mfupa mnene wa muundi: mifupa hiyo miwili ikitazamwa pamoja, ule mwembamba umekaa kama pini ya bizimu. Na Kiswahili hakikukosa neno. Bizimu, kutoka Kiarabu ibzim, ndilo linalofunga mkanda, na kazi yake ni ileile. Sioni kwa nini tulipite tukakimbilie bruchi.

Kazi hiyo ndiyo iliyoamua hata umbo. Springi hutaka waya uliofuliwa kwa nyundo, kwa sababu kufua huukaza na kuupa nguvu ya kurudi ukipindwa. Bronzi iliyochanganywa na metali ya risasi hutiririka vizuri kwenye kalibu, lakini ukiifua inapasuka. Kwa hiyo fibula nyingi zilizosubiwa zilitengenezewa pini ya peke yake, ikafungwa kwa springi au bawaba. Zile za aina ya Aucissa, za karne ya 1, kichwa chake kimekunjwa kuushika mhimili wa bawaba, na baadhi zina jina AVCISSA limepigwa hapohapo kichwani.

Halafu kuna ile inayopamba uso wa baadhi ya fibula na kuitwa "rangi". Si rangi, wala si vito: ni enameli, yaani kioo. Vishimo viliachwa kwenye metali wakati wa kusubu, vikajazwa kioo kilichosagwa, kikayeyushwa kwa moto, kisha uso wote ukasuguliwa hadi ukawa sawa. Itazame fibula ya mduara ya karne ya 2 kwa lenzi: mara nyingi utaona kuta za bronzi kati ya rangi na rangi, na vitundu vidogo vya viputo vya hewa vilivyonaswa kioo kikipoa. Sahani ya enameli ikianguka hubanduka kipande. Hii nayo hubanduka vivyo hivyo, ndiyo maana vishimo vingi huchimbuliwa vikiwa vitupu.

Jihadhari hasa na kijani. Nyekundu ya enameli ilitokana na shaba iliyomo ndani ya kioo, na ikikaa udongoni karne nyingi shaba hiyo huoza ikawa kijani. Ukiiosha fibula kwa limau au siki, asidi inakula kutu na ushahidi pamoja, na enameli iliyolegea inatoka. Mng'ao mweupe juu ya bronzi nao mara nyingi si fedha, ni bati lililopakwa.

Basi picha inayofuata ikikufikia, andika tu: "fibula, bizimu la vazi, yenye enameli; kijani hiki huenda kilikuwa nyekundu." Toga iache kabisa.