Je, wajua kwamba gereza lilikuwa kanisa?

Ukiambiwa ndugu wa mtu yuko gerezani, unampa pole. Baharia wa Kireno wa mwaka 1600 angelisikia neno hilohilo, angedhani ndugu huyo amekwenda kusali misa. Gereza letu limetokana na igreja, na igreja kwa Kireno ni kanisa.

Upande wa matamshi hakuna la kushangaza. Ile j ya Kireno ni sauti nzito ambayo Kiswahili hakina, tukaipokea kama z. Herufi g na r zilikuwa zimebanana, tukazipenyezea e katikati ili ulimi upumue. I ya mwanzo ikadondoka njiani. Igreja, gereza. Kinachotaka maelezo ni maana: nyumba ya ibada imegeukaje nyumba ya kufungia watu?

Wareno hawakuja pwani hii kwa utulivu. Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498, na miaka saba tu baadaye, 1505, Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, akajenga ngome pale, kisha akaenda kuiteketeza Mombasa. Ngome ya Kilwa waliihama mwaka 1512. Ile kubwa ya Mombasa waliianza mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Kiitalia, na wakaipa jina la Yesu. Ndani yake mlikuwa na kambi ya askari, maghala, visima, na kanisa.

Sasa jiweke mahali pa mvuvi wa Mombasa wa zama hizo. Kanisa lenyewe huna ruhusa ya kuliona. Unachokiona kutoka kwenye ngalawa yako ni ukuta mnene, mizinga imekuelekea, na wageni wanaoingia humo kusali. Wanalitaja igreja, nawe unanyoosha kidole kwenye ukuta. Kwangu mimi sioni ajabu jina la chumba kimoja kulimeza jengo zima, hasa jengo lenyewe likiitwa kwa jina la Yesu.

Kwamba gereza lilikaa kwanza kwenye maana ya ngome, ushahidi bado umesimama Kilwa Kisiwani. Ukishuka kwenye mashua, jengo kubwa linalokupokea ufukweni linaitwa Gereza mpaka leo. Mgeni anaweza kuanza kutafuta vyumba vya wafungwa, lakini jina hilo ni la boma la kulinda bandari, ambalo Waomani walilijenga palipokuwa na ngome ya Wareno.

Kutoka ngome hadi jela ni hatua fupi. Ngome ina kuta nene, mlango mmoja na walinzi wenye silaha. Vita vikiisha, mtawala mwenye jengo la namna hiyo atalifanyia nini? Unguja, Ngome Kongwe ya pale Forodhani ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, na mahali palepale palikuwa na kanisa la Wareno. Katika karne ya 19 ikawa inafungia wahalifu. Mombasa nako, Waomani waliitwaa ngome mwezi wa Desemba 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili, na Waingereza walipoishika mwaka 1895 wakaifanya jela hadi 1958. Yaani kuna watu walifungwa gerezani, ndani ya gereza la zamani, ambalo ndani yake lilikuwa na igreja. Jengo moja limebeba maana zote tatu.

Kinachonichekesha zaidi ni kwamba meli hizohizo za Wareno zilipeleka neno hilohilo kwingine, na huko halikuharibika. Waindonesia wanasema gereja, na gereja yao ni kanisa la Jumapili, lenye kwaya. Kwa Kihindi na Kiurdu ni girja, nalo ni kanisa vilevile. Ukienda Jakarta utakuta pia bendera ni bendera, kama yetu, na meza ni meja. Sisi peke yetu ndio tuliochukua kanisa tukalitia kufuli.

Nafasi iliyobaki wazi ikajazwa na Kiarabu. Kanisa ni neno lililotujia kwa lugha ya Waislamu, na msalaba pia. Padri, hata hivyo, alibaki na Ureno wake. Kwa hiyo padri anapoingia kanisani, Mreno anaingia kwa Mwarabu.

Usidhani Wareno wamebaki kwenye mambo mazito tu. Nenda barazani jioni, ukawatazame wazee wanaocheza albastini, ule mchezo wa karata. Karata ni carta. Kopa ni copas, yaani vikombe. Shupaza ni espadas, mapanga. Uru ni ouros, dhahabu. Pau ni paus, magongo. Haya, chukua karata ya kopa uitazame: kikombe kiko wapi? Umechorwa moyo mwekundu. Na pau imechorwa jani lenye ncha tatu, ambalo haliwezi kumpiga mtu hata nzi.

Maelezo ni kwamba karata za Wareno wa zamani zilichorwa kweli vikombe, mapanga, sarafu za dhahabu na magongo. Baadaye zikaenea karata za Kifaransa zenye moyo, jani na umbo la pembe nne. Michoro ikabadilika, lakini midomo ikakataa kubadilika. Wareno wenyewe hadi leo wanautazama moyo na kuuita vikombe. Waingereza nao hawana la kutucheka: ile pau wanaiita rungu, na shupaza wameipa jina ambalo asili yake ni upanga, ingawa wengi wao wanadhani ni sepeto.

Japani, ambako Wareno walifika mwaka 1543, karata za jadi zinaitwa karuta. Kampuni ya Nintendo, ambayo watoto wanaijua kwa michezo ya kwenye skrini, ilianza Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata.

Na turufu? Ni trunfo. Gazeti likiandika kwamba mgombea fulani ametupa karata yake ya turufu, limemaliza sentensi kwa maneno mawili ya Kireno, na mhariri wala hana habari.

Nguo nazo zimo. Leso ni lenço, kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Bara na Unguja leso imebaki kitambaa kidogo cha kufutia jasho, lakini Mombasa ukiitaja leso, unataja kanga kamili, doti yenye jina na pindo. Husimuliwa kwamba wanawake wa karne ya 19 walinunua vile vitambaa vya kichwa kabla havijakatwa, sita kwa mkupuo, wakavikata vitatu vitatu na kuviunga kuwa nguo moja kubwa. Kama ndivyo, basi Mombasa walifuata nguo hatua kwa hatua bila kuliacha jina lake, ikawa leso ileile, imekua tu.

Tukimrudia yule ndugu yetu aliyefungwa: mtaani siku hizi hata gereza halisemwi sana. Gereza ni la kibao cha langoni na la taarifa ya habari. Jirani atakwambia yuko jela. Hilo tulilipata kwa Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa, na shina lake la Kilatini ni kizimba kidogo, kama cha ndege. Lenyewe halikuhitaji kupitia kanisani.