Je, wajua oksijeni ikizidi wakati wa upasuaji, moyo unaweza kupata damu pungufu?

Kabla dawa ya usingizi haijamchukua, mgonjwa huwekewa barakoa na kuambiwa avute pumzi ndefu. Anachovuta ni oksijeni tupu, ilhali hewa ya kila siku ina asilimia 21 tu. Akishalala ataacha kupumua hadi mpira upitishwe kooni, na mapafu yaliyojaa oksijeni humpa dakika kadhaa za usalama. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye saa zinazofuata, pale oksijeni nyingi inapoendelea kumiminwa kwa imani kwamba kizuri hakizidi.

Oksijeni hubebwa na himoglobini ndani ya damu, na mtu mwenye mapafu mazima akivuta hewa ya kawaida, himoglobini yake imeshajaa kwa takriban asilimia 97. Ni basi lililojaa: abiria wakizidi kituoni, wachache tu wataning'inia mlangoni. Mililita 100 za damu hubeba kama mililita 20 za oksijeni. Mpe mgonjwa oksijeni tupu, na nyongeza yake ni kama mililita 2 hivi.

Nyongeza hiyo ina gharama. Oksijeni ikizidi, huzaa molekuli kali zinazoharibu naitriki oksaidi, gesi inayoilegeza mishipa ya damu. Basi mishipa hujibana, pamoja na ile inayoulisha moyo wenyewe. Mapigo hupungua, damu inayosukumwa kwa dakika hupungua, na moyo husukuma dhidi ya ukinzani mkubwa zaidi. Kwa hiyo damu yenye oksijeni nyingi kidogo hufika kwenye misuli ya moyo kwa uchache, na hasara inaweza kuipita faida.

Nje ya chumba cha upasuaji, jaribio lililofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2015 liliwahusu watu 441 wenye mshtuko wa moyo ambao oksijeni yao haikuwa imeshuka. Waliopewa nyongeza walionekana kuwa na kovu kubwa zaidi moyoni. Miaka miwili baadaye, jaribio la Sweden lenye watu zaidi ya 6,000 halikuona tofauti ya vifo baada ya mwaka mmoja. Kwenye upasuaji wenyewe, madhara kwa moyo bado hayajathibitika wazi, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mgonjwa apewe hewa yenye oksijeni asilimia 80 ili kupunguza maambukizi ya kidonda. Pendekezo hilo lilizua malalamiko, na mwaka 2018 likalegezwa.

Kinachonitia shaka zaidi ni kile kifaa cha kidoleni kinachoonyesha himoglobini imejaa oksijeni kwa asilimia ngapi. Hakina namba juu ya 100, kwa hiyo oksijeni iliyotosha na iliyozidi mara tano husomeka sawasawa. Ndiyo maana baadhi ya madaktari wa usingizi hupunguza oksijeni taratibu hadi namba ishuke kwenye 98 au 97. Hapo tu ndipo kifaa huanza kuwaambia kitu.