Kupanga makazi ya vijijini: dhana potofu na ukweli wake

Makosa mengi huanza kabla hata kigingi cha kwanza hakijapigwa, pale mpangaji anapogawa viwanja bila kuuliza maji yanapita wapi na ardhi ile inatumiwa na nani.

"Penye tambarare ndipo rahisi kujenga."

Ardhi bapa kabisa haina pa kumwaga maji. Ikiwa iko kando ya mto, mara nyingi ubapa huo umefanywa na mafuriko yenyewe, yaliyoshusha tope miaka na miaka. Na kwa kuwa tope hilo lina rutuba, ukijenga hapo unapoteza shamba zuri na bado unakaribisha maji sebuleni. Mteremko wa asilimia 2 hadi 8 ndio unaofaa zaidi: maji huondoka, na msingi hauhitaji kuchimbwa sana.

Kuupima ni rahisi. Piga vigingi viwili, kimoja juu, kingine chini, umbali wa mita 10. Funga kamba usawa wa ardhi kwenye kigingi cha juu, ivute hadi cha chini, ning'iniza pimamaji (kifaa cha kuonyesha usawa) katikati yake, kisha ipandishe au ishushe mpaka kamba ilale sawa. Pima kimo chake kutoka ardhini kwenye kigingi cha chini: sentimita 60 ni asilimia 6.

Kisha chimba shimo la mita 1. Ukiona madoa ya kijivu na ya rangi ya kutu, maji husimama hapo sehemu ya mwaka, hata kama leo ni pakavu. Udongo mfinyanzi mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi ni hatari zaidi, maana huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kuta hupata nyufa.

"Kati ya nyumba na nyumba ni pori tupu."

Si kweli hata kidogo. Pale pana shamba lililopumzishwa, njia ya mifugo, makaburi, mahali pa kuokota kuni. Ukiziba njia ya mifugo kwa viwanja, ng'ombe watapita mashambani na ugomvi utaanza msimu uleule. Tembeeni kutoka kileleni hadi bondeni pamoja na mkulima, mfugaji na wanaochota maji, kila mmoja kwa nafasi yake, kwa sababu wanaona vitu tofauti. Njia na visima vichorwe kwanza, nyumba baadaye.

"Picha ya setilaiti inatosha."

Inaonyesha paa na miti. Mipaka, haki ya kupita na kisima kinachokauka haionyeshi.

"Barabara iliyonyooka ni nafuu."

Ikipanda mlima moja kwa moja, mvua huigeuza mfereji. Barabara ya udongo ipande kwa mshazari, isizidi takriban asilimia 10, na maji yatolewe pembeni mara kwa mara kabla hayajapata nguvu.

"Nyumba zikikusanywa, kila kitu hurahisika."

Bomba na umeme, ndiyo. Lakini mkulima hutembea mbali zaidi kwenda shambani, na vyoo husogea karibu na visima. Choo cha shimo kikae angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, upande wa chini wa mteremko, na kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini msimu wa mvua. Penye miamba yenye nyufa, mita 30 hazitoshi.